Aliyeshika Upande wa Pili

Kuhusu marehemu Taratibu majirani walikubaliana mambo mawili: kwamba hapakuwa na fundi wa gata aliyemfikia, na kwamba gata ya nyumba yake mwenyewe ilikuwa kichekesho. Gata, kwa asiyejenga, ni ule mfereji wa bati unaotundikwa ukingoni mwa paa ili ukinge maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi. Ya Taratibu ilikinga vizuri sana, kisha ikayapeleka maji kusikokuwa na tangi. Ilianzia mbele, ikapita ubavuni mwa nyumba, ikakata kona na kuishia nyuma, penye chumba cha mama yake. Tangi lilikaa mbele, kinywa wazi, kama mgeni aliyesahauliwa wakati wa kupakua chakula, na maji yote yakakimbilia kule nyuma. Kinyozi hajinyoi, watu wakasema, wakacheka hadi wakachoka.

Kicheko hicho kilisafiri mpaka mji wa mbali alikohamia mdogo wake, fundi wa kazi hiyohiyo, ambaye tangu ujana watu walimbandika jina la Chapchap. Naye alicheka, tena kuliko wote. Hao ndugu wawili walijifunza kazi pamoja na kugombana pamoja. Mkubwa alikuwa akisema haraka haraka haina baraka, mdogo akimjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na kazi ikaenda hivyo miaka mingi, methali huku na methali kule, na wateja wakaridhika. Mkubwa alitaka mteremko mdogo, maji yaende kwa adabu. Mdogo alitaka mkali, maji yafike upesi. Kusikia kwamba Taratibu, bingwa wa vipimo, ametundika gata yake kinyume, lo, hiyo kwa Chapchap ilikuwa asali.

Hakucheka siku shemeji yake, mjane wa Taratibu, alipompigia simu. Shemeji alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Alimweleza kwamba ukuta wa nyuma umepasuka, ufa unaingia vidole, na mama analala chini ya ufa huo na hataki kusikia habari ya kuhama. Amembembeleza, amemnunia, amewaleta hadi majirani wamseme, na mama ni yuleyule. Na mawingu yameanza kukusanyika.

"Mwaka juzi nilikuitia msiba ukachelewa," akamalizia. "Sasa nakuitia kazi. Njoo kabla sijakuitia msiba mwingine."

Chapchap alifika adhuhuri moja yenye jua kali, na mfuko wa vyombo vyake begani. Alimkuta shemeji kwenye cherehani chake chumba cha mbele, pindo la gauni la mtu likipita chini ya sindano. Hakunyanyuka.

"Karibu, Chapchap," alisema. "Konokono wa hapo nje alisema atakutangulia kufika. Nilimbishia, nikashindwa."

Chapchap akacheka, maana utani wa shemeji haususiwi. Lakini macho yake yalikwisha kwenda ukutani, penye msumari uliotundikwa shati la kazi la Taratibu, penseli bado imo mfukoni. Chini ya shati, juu ya kigoda, palikaa koleo lake la kukunjia bati, la mpini mwekundu. Shemeji alikuwa anapangusa vumbi kila kitu cha chumba kile isipokuwa hivyo viwili, na Chapchap aliliona hilo mara moja, akajifanya hakuliona.

Chumba cha mama kilinuka udongo uliolowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Ufa ulianzia chini kwenye msingi, ukapanda karibu na dirisha, ukajigawa matawi mawili na kupotelea kwenye dari. Chapchap aliugusa, plasta ikamegeka kama biskuti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu ufa ambao mama yako mzazi ameuegemezea mto wake, pengine kwa sababu hawakutegemea mtoto wa mtu amwache mamaye hivyo mpaka yafike hapo.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani. Chapchap akamwamkia, akaitikiwa, akapapaswa uso kama anayepimwa joto. Kisha akaanza hoja yake: chumba cha mbele ni kikavu, kina dirisha zuri, kitanda kitahamishwa leo hii. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema chumba cha mbele anakijua, hata tofali zake alizichotea maji yeye.

Ndipo juu ya paa, nje, pembeni kabisa, kitu kikagonga gata. Ko. Mara moja tu.

"Karibu," mama akaitika, kwa sauti ya mtu anayemjibu jirani wa kila siku. Akangoja kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Ndiyo kawaida yake. Anagonga, namkaribisha, haingii. Mtu akipiga hodi nyumbani mwako, baba, unaweza kuondoka ukamwacha mlangoni?"

Chapchap akasema ni bati tu. Bati likipata jua linatanuka, likipata kivuli linajikunja, na chuma kimoja kikilegea basi linagonga. Aliyasema kwa uhakika wa fundi, na yote yalikuwa kweli. Mama akamwambia kwamba ameishi chini ya mabati tangu hajazaliwa yeye, na sauti ya bati anaijua.

Kilichomtia Chapchap baridi hakikuwa kishindo chenyewe. Ilikuwa ni hesabu yake.

Ni hivi. Ndugu hawa hawakupima mteremko kwa macho wala kwa kuutegemea ubao wa paa, kwa sababu hakuna nyumba iliyonyooka duniani, hata ya tajiri. Walitumia mpira wa maji: bomba jembamba linaloonyesha ndani, refu kuliko nyumba, limejazwa maji. Mmoja anashika ncha moja kona hii, mwenziwe anashika ncha ya pili kona ile, na maji yakitulia, yamelingana pande zote mbili. Maji hayana ndugu wala rafiki, hayamdanganyi mtu. Ila kazi hiyo inataka watu wawili, na mara nyingi kona zimewaficha, hawaonani. Kupiga kelele Taratibu hakupenda. Alisema fundi anayepayuka anamtia mwenye nyumba wasiwasi. Basi wakazungumza kwa koleo juu ya gata. Kugonga mara moja ni kuuliza: umeshika? Na mwenzio akigonga mara moja, ni jibu: nimeshika. Mara mbili, shusha. Mara tatu, funga, kazi imekubali.

Waligombana juu ya paa la ukumbi mmoja mkubwa, kwa sababu ya mteremko, na kwa sababu ya yote yale ambayo ndugu huyaweka akiba. Chapchap aliiachia ncha ya mpira, maji yakamwagika, akashuka ngazi na kuondoka. Alikuwa amefika langoni aliposikia nyuma yake, kutoka kona asiyoiona, koleo likigonga gata. Ko. Kimya. Taratibu alikuwa hajui kwamba ameachwa. Alikuwa bado amesimama juu ya ngazi, ameshika upande wake, anauliza. Chapchap alisikia vizuri kabisa, akaendelea na safari. Hakurudi mpaka homa ilipomlaza kaka yake na kumchukua, na hata hapo alifika udongo umeshasawazishwa.

Alasiri hiyo alianza kazi. Aliazima ngazi kwa jirani, ambaye hakukosa kumwuliza kama naye anakuja kugeuza maji yapande mlima. Mpango ulikuwa rahisi. Chumba cha mama kipone, maji yasifike nyuma. Vyuma vinavyoshikilia gata vipandishwe kule nyuma, vishushwe huku mbele, mteremko ugeuke, na tangi lipate haki yake. Kwa kuwa hakuwa na wa kumshikia, aliifunga ncha moja ya mpira kwenye msumari kona ya nyuma, akazunguka na ncha ya pili mpaka mbele, akaweka alama kwa penseli, akahamisha vyuma, akafunga. Kisha akapanda na jagi la maji, akamwaga katikati ya gata, akatazama.

Maji yalisitasita, kama yanayokumbuka kitu. Halafu yakageuka, yakaenda nyuma.

Shemeji alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, tepu yake ya kupimia nguo shingoni. Alisema kama ndiyo hivyo, gauni hilo limeshonwa ndani nje. Chapchap akautazama mpira, akaona kosa lake, akaona haya: kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mahindi, kimeganda katikati. Mpira wenye hewa unasema uongo. Ni kosa la mwanagenzi wa siku ya kwanza. Taratibu alikuwa na kawaida ya kuubonyezabonyeza mpira wote kwa vidole, tangu ncha hadi ncha, kabla ya kupima, na Chapchap alikuwa akimwambia anauchua mpira kama mzazi anavyomchua mtoto. Sasa akaketi chini kizingitini, akauchua hivyohivyo, hewa ikatoka. Nyuma ya nyumba, juu, ikagonga. Ko.

"Karibu," ikaitika sauti ya mama kutoka ndani.

Siku ya pili mawingu yalikuwa yameshuka, jua hakuna. Chapchap alitaka kuimaliza hodi ile kabla ya yote, akapita na bisibisi chuma hadi chuma, akakaza kila kilicholegea na kisicholegea. Alipomaliza, gata yote ilikuwa imeshikamana na nyumba kama ukucha na kidole. Alishuka akiwa ameridhika. Hakuwa amefika chini ilipogonga tena, palepale, mara moja, na jua la kulikunja au kulitanua bati lilikuwa halijatokea tangu asubuhi.

Akaona afadhali ashughulike na mpira. Akaifunga ncha nyuma kama jana, akaja mbele, akauinua upande wake. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Akatoa penseli. Na wakati anaisogeza penseli kwenye ubao, maji yale yalipanda. Hakuwa amesogea. Yalipanda taratibu upana wa kidole, yakakaa hapo, hayatikisiki, vilevile yanavyokaa mtu wa upande wa pili anapouinua mpira wake kidogo akuonyeshe kwamba yupo.

Chapchap alishuka ngazi vibaya, akakimbia kuzunguka nyumba. Mpira ulikuwa umefungwa kwenye msumari, fundo lake mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Nyasi za nusu ya pili ya kiwanja, iliyokuwa tupu, zilisimama wima, upepo hakuna. Alisimama hapo akihema, akajisemea kwa sauti kwamba amechoka, kwamba hajala, kwamba nyumba za watu waliokufa zina mambo. Woga ulimshika hasa, wala tusimfichie.

Kwa kuwa alishafika pale, na kwa kuwa mtu mwenye woga hupenda kuishughulisha mikono, aliivuta ngazi akapanda kuitazama ncha ya gata kwa karibu. Mwisho wa gata huzibwa kwa kipande cha bati ili maji yasitoke. Hiki kilizibwa vizuri, kazi safi ya Taratibu. Lakini chini yake, kwenye tumbo la gata, kulikuwa na kiraka ambacho hakikuwa na sababu. Gata ilikuwa nzima, haijatoboka kutu. Chapchap akakingoa kwa bisibisi, nacho kikatoka kwa urahisi, kama kilichowekwa ili siku moja kitolewe. Ndani yake palikuwa na tundu la mviringo, limekatwa na kukunjwa kingo kwa ustadi, limevishwa shingo ya kupokelea bomba la kuteremshia maji. Na shingo yenyewe ilikuwa pana. Taratibu hakutumia bomba pana maishani mwake. Aliyekuwa akilitaka bomba pana, na akigombana na kila mtu kwa ajili yake, alikuwa ni Chapchap.

Fundi hatoboi tundu kwa bahati mbaya. Alikaa juu ya ngazi akalitazama, kisha akafuata kwa macho njia ambayo maji yangepita kama bomba lingekuwepo. Njia hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye ile nusu ya kiwanja. Baba yao alikigawa kiwanja pasu kwa pasu, huku kwa mkubwa, kule kwa mdogo, na mdogo hakuwahi kuweka hata jiwe. Akashuka, akaingia kwenye nyasi, akazikanyaga. Mguu wake ukagonga zege. Aliparua majani kwa mikono, na jukwaa zima likatokea, la mviringo, limesawazishwa sana, la kukalishia tangi kubwa.

Akaingia kwa mama bila kunawa mikono.

Mama aliitazama mikono ile yenye udongo, akajua. Alisimulia polepole, akichezea pindo la shuka. Taratibu aliigeuza gata mwaka uleule waliogombana. Alisema mdogo wake akirudi kujenga, asianze kwa kuhangaika na maji: atakuta tangi lake lina pa kukaa, na maji ya paa la kaka yake yanakuja yenyewe. Tundu akaliziba kwa kiraka kwa muda, na chini ya ile ncha, maji yalikofurikia, aliweka pipa, na kila mvua ikinyesha alikwenda na ndoo kulipunguza ili lisifurike kwenye msingi. Watu walipomcheka, alicheka nao. Alipokufa, pipa liliachwa, likala kutu, likatoboka, na hapakuwa na mtu wa kutoka mvuani na ndoo. Ndipo maji yakaanza kuula ukuta.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mama, usimwite. Nimeshika upande wangu, atarudi kushika wake.'"

Chapchap alikaa sakafuni, mgongo kwenye ufa, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, hata cherehani cha shemeji kikanyamaza kule mbele. Aliyemcheka kaka yake kuliko wote ndiye aliyekuwa sababu ya kichekesho. Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Lililomkata ni kwamba maji yale ya mapenzi, kwa kukosa wa kuyapokea, yalikuwa yakimchimbia mama yao. Na dawa ilikuwa moja tu, kuyageuza yaende mbele. Yaani amkatalie kaka yake mara ya pili.

Alimwambia mama hivyo. Mama akafikiri.

"Maji yaende popote," alisema. "Mimi nimemkaribisha mpaka sauti imenikauka, na si mimi anayeniita. Mjibu ndugu yako."

Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali. Chapchap akatoka. Alipitia chumba cha mbele, akasimama mbele ya kigoda chenye koleo la mpini mwekundu, akamtazama shemeji kwa kuomba ruhusa. Shemeji akaacha cherehani, akanyanyuka. Kisha akalichukua mwenyewe, akalipangusa kwa kipande cha kitambaa, akampa, na safari hii hakuwa na utani.

Alikirudisha kile kiraka kwenye tundu, akaileta ngazi mbele, akapanda, akauinua mpira. Hakungoja sana. Kutoka kona ya nyuma, asikokuona, ikagonga. Ko. Kimya kikafuata, kilekile alichokiacha nyuma yake langoni mwa ukumbi. Chapchap akaliinua koleo la kaka yake, akagonga gata mara moja.

"Nimeshika, kaka," akasema. "Nimechelewa, lakini nimeshika."

Maji ndani ya mpira yalitulia. Akaweka alama. Hakukimbilia mteremko mkali alioupenda maisha yake yote. Aliweka ule mdogo, wa adabu, wa Taratibu, akishusha kila chuma upana wa kucha chini ya kilichotangulia, kutoka nyuma mpaka mbele. Alipofika chuma cha mwisho, palipo tangi, ikagonga kutoka kule nyuma. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu. Akafunga.

Jagi la maji liliishia tangini bila kusitasita. Na aliposhuka alimkuta mama amesimama mlangoni mwa mbele, mto wake kwapani, amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Alimwuliza shemeji atamlaza wapi, maana kule nyuma kazi imekwisha. Shemeji akasukuma cherehani pembeni na kumtandikia bila kuuliza neno. Kitanda wakakiacha kulekule, wakasema watakihamisha mvua ikikatika.

Ilinyesha alasiri ya siku hiyohiyo, mvua ya kufuta njia. Walikaa watatu chumba cha mbele wakiyasikiliza maji yakiingia tangini, kwanza kwa kishindo, halafu kwa sauti nzito kadiri yalivyojaa. Shemeji akasema kinyozi hatimaye amenyolewa, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nyuma, kule juu, hapakuwa na hodi.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya chini, kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti. Halafu nyumba ikatikisika. Walikimbilia nyuma, wakafungua mlango wa chumba cha mama, na mbele yao wakaona mvua. Ukuta wa nyuma haukuwepo. Msingi ulikuwa umeshaliwa zamani, mteremko mpya haukuweza kuurudisha. Mto ungekuwa pale, na kichwa cha mama juu yake. Tofali zilikuwa zimekijaza kitanda, zimekikunja katikati.

Shemeji alimshika mama, mama akamshika shemeji. Chapchap alitazama juu. Ukuta ulikuwa umeanguka na kona nzima ya paa, na ule ubao wa ukingoni uliobeba vyuma vya gata ulikuwa chini kwenye kifusi, vyuma vyenyewe bado vimeng'ang'ania. Lakini gata haikuanguka. Kipande chote cha nyuma, kirefu kuliko mtu, kilikuwa kimenyooka hewani juu ya pengo la ukuta, hakijafungwa popote, hakijaegemea kitu. Na hakikulala. Kilibaki kwenye mteremko wake uleule, upana wa kucha kwa upana wa kucha, na maji yaliyodondokea ndani yake yakaendelea kukata kona na kwenda mbele, kwa adabu, mpaka tangini.

Mama alitazama juu bila woga, kama anavyotazamwa mtoto aliyebeba mzigo unaomzidi umri.

"Amechoka huyo," alisema. "Mpokee."

Chapchap alipanda juu ya kifusi katikati ya mvua, tofali zikimtoka chini ya miguu. Alisimama chini ya ncha ya gata, akanyoosha mikono yote miwili, akaiwekea viganja chini yake. Ilikuwa nyepesi, haina uzito hata wa unyoya. Maji ya mvua yalimwingia machoni.

"Nimeshika, kaka," akasema. "Achia."

Ndipo uzito wote ukamshukia mikononi.